Malalamiko Kuhusu Hewa Iliyopigwa Picha Ndani ya Mrija Wangu wa Nyongo

Kwa Daktari Mkuu wa Upasuaji,
Jengo la pili, ghorofa ya kwanza,
mlango wenye kitasa kinachotaka kubadilishwa.

Mheshimiwa Daktari,

KUHUSU: HEWA ILIYOONEKANA KWENYE MRIJA WANGU WA NYONGO, NA OMBI LA KUMFUKUZA KAZI ALIYEITAMBUA

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na wote wanaoshika visu chini yako. Mimi ni yule mgonjwa wa kitanda cha nne uliyemtoa kifuko cha nyongo Alhamisi iliyopita kupitia matundu manne. Naendelea vizuri. Matundu matatu yamefunga, la nne, la kitovuni, linawasha kidogo, lakini kwa hilo sikulaumu. Nakula, nalala, napanda ngazi. Yale maumivu ya chini ya mbavu za kulia yaliyokuwa yakinipanda hadi begani yamekwisha kabisa. Naomba uzingatie kwamba nimepona, kwa sababu malalamiko yangu yote yanaanzia hapo.

Kabla sijaendelea, unijue. Mimi ni fundi bomba. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na moja, na karakana yangu iko nyuma ya soko, kwenye mlango wa buluu wenye mchoro wa koki. Kwa sababu ya mchoro huo mtaa mzima unaniita Mzee Koki, pamoja na watu walionizidi umri. Nina mtoto mmoja tu, binti, ambaye nilimpa jina la Spana kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza alichokishika akiwa mchanga akakataa kukiachia. Nilimfundisha kazi yote. Alipokuwa anamaliza sekondari, alikuwa anaweza kuweka sikio ukutani akakuambia bomba linavuja wapi, na mara mbili alinisahihisha mimi mbele ya wateja na ikawa kweli. Kichwani mwangu nilishaandika ubao mpya wa karakana: Mzee Koki na Binti. Halafu, miaka mitano iliyopita, akaniambia anataka kwenda chuo kusomea kupiga watu picha za ndani.

Nilikasirika, sikatai. Nilimwambia akitoka kwenda huko, asirudi kugusa zana zangu. Na yule mtoto, ambaye nilimlea asikie maneno ya mzazi wake, akasikia. Tangu siku hiyo huja nyumbani kumsalimia mama yake wakati mimi niko kazini, na nikirudi nakuta kikombe kimoja cha ziada kwenye sinki. Miaka mitano, Daktari. Utii nao ukizidi huwa ni ukaidi, ila hakuna mtu wa kumshtakia.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Mwaka huu nilianza kuumwa kila nikila kitu chenye mafuta. Mimi nilijua ni gesi. Mama Spana akasema gesi haiwezi kumfanya mtu mzima aume mto. Nikaja kwenu, mkanipima tumbo kwa altrasaundi, mkakuta kifuko kimejaa mawe. Damu nayo ikaonyesha kwamba huenda jiwe moja limetoroka kifukoni likaingia kwenye mrija mkuu, ule unaopeleka nyongo kwenye utumbo. Ulinieleza wewe mwenyewe, na kwa hilo nakushukuru, kwamba ukishafika ndani hutafunga mpaka umeuangalia mrija: utaingiza dawa ya rangi, mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda itapiga picha, na penye jiwe rangi haitakaa. Nikakuambia hata sisi hatufungi ukuta kabla ya kupima bomba. Ukacheka. Nilidhani tumeelewana.

Yaliyofuata sikuyaona kwa sababu nilikuwa nimepigwa nusukaputi. Nimeyapata kwa nesi wako wa chumba cha upasuaji, ambaye niliwahi kumtengenezea tangi la maji, na ambaye naomba asiadhibiwe kwa kosa la kuwa na kumbukumbu nzuri. Anasema picha ya kwanza ilipotoka, lilionekana doa chini kabisa ya mrija, karibu na utumbo. Ukasema ni jiwe. Ukaagiza vyombo vya kupasua mrija viletwe. Ndipo yule aliyekuwa kwenye mashine, ndani ya aproni nzito ya kukinga mionzi na barakoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba doa lile limekaa duara mno, akaomba apewe dakika moja na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa. Mkainua, mkapiga picha nyingine, na doa likawa limepanda juu. Jiwe hushuka, Daktari. Kinachopanda ni hewa. Mkaivuta, mkasukuma dawa upya, mkapiga picha ya tatu, na mrija ukaonekana mweupe wote kuanzia juu hadi chini. Haukupasuliwa. Niliambiwa kwamba kama ungepasuliwa, ningerudi nyumbani na mpira ukining'inia ubavuni kwa wiki kadhaa.

Aliyekuwa kwenye mashine ni Spana. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nimepigwa picha ya ndani na mtoto wangu wa kumzaa bila kuarifiwa. Mzazi ana heshima yake. Hata mtu anayepigwa picha ya kitambulisho hupewa nafasi ya kuchana nywele. Mtoto ambaye hajaniona usoni miaka mitano ameuona mrija wangu wa nyongo, mizizi yake ndani ya ini na kipande cha utumbo, tena mbele ya watu sita, na mimi nimelala kifudifudi au chali sijui, maana hata hilo sikuulizwa. Kama alitaka kuniona, mlango wa buluu anaujua. Nataka iandikwe kwenye faili kwamba sikujua yupo, sikuridhia awepo, na kama ningejua anafanya kazi kwenu ningekwenda hospitali nyingine.

2. Wizi wa ujuzi. Kuinua upande mmoja ili kutenganisha hewa na taka ni kazi yangu. Nilimwonyesha akiwa darasa la sita, nyuma ya nyumba ya fundi cherehani mmoja, kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani. Maji yalikuwa hayaendi na kulikuwa na kitu cheusi katikati. Akaniuliza tutajuaje kama ni uchafu au ni hewa tu inayotudanganya. Nikamwambia ainue upande mmoja asubiri, asiwe na haraka, kwa sababu hewa haijui kukaa chini. Aliinua mpira ule akasubiri mpaka nilipomwambia ashushe. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na mwundaji yuko hai, ana anwani. Naomba katika faili la kila mgonjwa atakayeinuliwa kichwa kuanzia leo paandikwe kuwa mbinu hii ni ya Mzee Koki. Herufi ziwe kubwa. Mchoro wa koki si lazima, lakini hautakataliwa.

3. Hewa yenyewe ilikuwa ya nani? Mimi niliingia kwenu na mawe, sikuingia na hewa. Hewa mmeniletea nyinyi, ndani ya bomba la sindano, pamoja na dawa ya rangi. Kwangu karakana, anayeacha hewa kwenye njia ya maji huosha zana zote kwa wiki nzima, na halalamiki, kwa sababu anajua hewa hiyo ingeweza kumfanya mtu abomoe ukuta mzima bila sababu. Hapa ukuta ulikuwa ni mimi. Kwa hiyo nilikusudia kukuomba unitumie aliyejaza sindano ile, aje Jumatatu saa moja asubuhi na nguo za kuchafua. Nesi ameniambia aliyejaza ni wewe mwenyewe. Basi njoo wewe, na usijali, ndoo zipo.

4. Hili limeniuma kuliko kitovu. Hewa ilipokwisha kuondoka na mrija kuonekana safi, mliagiza mashine ya pili, ile fimbo nyembamba ya altrasaundi inayopitishwa kwenye tundu, mkaipitisha juu ya mrija kuhakikisha hakuna jiwe. Haikuona kitu. Nauliza kwa heshima, ya nini? Binti alishasema. Mimi nina haki ya kutomwamini, nimemzaa. Nyinyi haki hiyo mmeitoa wapi? Fundi wangu akisema bomba ni safi, silipimi tena mbele ya mwenye nyumba, hata kama moyoni nina wasiwasi. Nilikuwa nimeshaandika hapa maneno makali zaidi kuhusu watu wanaomdharau mtu kwa umri wake, lakini nesi ameniambia aliyeomba fimbo ile iletwe ni Spana mwenyewe, akisema kwamba kwa mgonjwa huyu hataki kubahatisha. Sijui hilo niliweke wapi. Naliacha hapahapa kwenye namba nne.

5. Maneno yaliyosemwa wakati sisikii. Nesi anasema mlipokuwa mnashona, ulimuuliza Spana ni chuo gani kilichomfundisha mambo ya kuinua kitanda na kusubiri. Na yeye akajibu hivi, nayaandika kama nilivyoyapokea:

"Hili sikufundishwa chuoni, Daktari. Amenifundisha huyu aliyelala."

Nesi anasema wote mlicheka, mkadhani anatania. Daktari, nina miaka hamsini na tisa. Nimefundisha watu kazi tangu sijaoa, na wengine sasa wana karakana kubwa kuliko yangu. Sijawahi kusikia mmoja wao akisema maneno kama hayo. Siku yaliposemwa, nilikuwa na mpira kooni na macho yangu yamebandikwa plasta. Neno kama hilo huambiwa mtu akiwa macho, amekaa, ikiwezekana amevaa shati. Nadai lirudiwe. Nimemwomba nesi alirudie yeye mara nne, na anajitahidi, lakini sauti si yenyewe.

6. Koki ya wodini. Koki ya sinki iliyo karibu na kitanda cha nne ilikuwa inadondosha tone baada ya tone tangu nilipolazwa. Niliwaambia manesi, niliwaambia wafagiaji, nilimwambia hata mtu wa kitanda cha tano, ambaye kazi yake ni kuuza viatu. Siku ya pili baada ya upasuaji nililala mchana, na nilipoamka kulikuwa kimya. Nikajikokota huku nimeshika tumbo, nikaikagua. Gasketi mpya. Tepu ya kuzuia maji imezungushwa mara saba. Mafundi wote ninaowajua huzungusha mara tano na kusema inatosha. Mara saba huzungusha mimi, na niliyemfundisha.

Maana yake alikuja, akasimama hatua mbili kutoka kichwani pangu, akafanya kazi ya dakika kumi, akaondoka bila kuniamsha. Na maana yake nyingine ni kwamba ana spana yake mwenyewe. Nilimwambia asiguse zana zangu, akaenda akanunua zake, na muda wote huu amekuwa nazo. Hospitali ina makosa mawili hapa. Kwanza, mmeajiri mpiga picha mnamfanyisha kazi ya bomba. Pili, mlimwacha apite kitandani kwa baba yake kama mtu wa kusoma mita. Mama Spana anasema makosa hayo mawili si ya hospitali. Mama Spana si mwandishi wa barua hii.

Kwa hayo yote, naomba umfukuze kazi.

Sababu utakayoandika ni kwamba amezidi ujuzi unaohitajika. Eleza kwamba mtu anayeweza kutambua hewa ndani ya mrija wa nyongo wenye upana wa penseli, kwa macho tu, huku daktari mkuu ameshashika mkasi, ni fundi bomba aliyepotea njia, na kwamba si haki taifa kumweka kwenye chumba cha giza na aproni nzito wakati mabomba ya mtaa mzima yanazibwa na watu wazungushao tepu mara tano. Barua yake ya kuachishwa unaweza kuituma kwangu moja kwa moja, nitampa akija.

Ikiwa sheria za kazi hazikuruhusu, niazime Jumamosi tu. Nitamrudisha Jumatatu akiwa msafi.

Ikiwa hata hilo haliwezekani, basi leteni mashine yenye mkono uliopinda hapa karakana, pamoja naye. Nimepima, inapita mlangoni ukiitoa bawaba moja. Dawa ya rangi tutaisukuma kwenye mabomba ya wateja, yeye atapiga picha ya ukuta, mimi nitasema pa kutoboa. Hadi leo natoboa kwa kusikiliza, na sikio langu la kushoto si lile la zamani. Wagonjwa wenu mnaweza kuwaleta hapa pia, nafasi ipo, nikiondoa tangi lile la plastiki lililopasuka. Wewe ungepasulia upande wa dirishani penye mwanga.

Na ikiwa yote hayo ni mazito, nina ombi dogo la mwisho. Naomba upasuaji urudiwe. Nimeambiwa mawe yangu mmeyahifadhi kwenye chupa yenye kifuniko cha kijani. Yarudisheni kupitia tundu la kitovuni, ambalo kama nilivyosema halijafunga vizuri, na moja mlitupie kwenye mrija mkuu ili kazi iwe na maana. Nipangeni Alhamisi, ambayo naambiwa ndiyo siku yake ya zamu ya chumba cha upasuaji. Ila safari hii sitaki nusukaputi. Nataka nilale macho. Yeye atapiga picha, mimi nitamwuliza maswali mawili matatu ya kikazi, atajibu, tutainua kitanda, tutasubiri doa lipande au lishuke. Nusu saa inatutosha. Najua kuna wagonjwa wengi wanaosubiri, nami siombi upendeleo, nitapanga foleni na mawe yangu.

Usilione ombi hili kuwa la ajabu. Nimelifikiria kwa siku tatu, nikiwa sina homa, na nimelipima kwa kumsomea mtu wa kitanda cha tano, naye akasema lina mantiki, ingawa yeye alikuwa bado anatumia dawa za maumivu.

Naishia hapa nikiamini utalichukulia jambo hili kwa uzito uleule uliouchukulia mfuko wangu. Nisalimie nesi niliyemtaja, na umwambie tangi likivuja tena asisite. Wasalimie mama wa jikoni, ambaye kwake chumvi ni adui wa taifa, mlinzi wa geti aliyenisaidia kupanda ngazi za mwanzo, mtoa dawa ya usingizi aliyeniambia nihesabu hadi kumi nami nikafika tatu, na mtu wa kitanda cha tano kama bado yupo. Mwambie kuwa na mawe si aibu, watu wakubwa wanayo.

Wako mtiifu, niliyebaki bila kifuko,

Mzee Koki
Fundi bomba, zamani wa kitanda cha nne

Nyongeza: Mama Spana ameisoma barua hii yote akiwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Ameniuliza swali moja tu, kwamba akifukuzwa kazi kwa sababu yangu, nadhani atakuja kwangu? Kwa hiyo ombi la kumfukuza lifute. Mashine bakini nayo, na mawe yatupeni. Namba nne pia ifute, mlifanya vizuri kuhakikisha, na yeye alifanya vizuri kuomba.

Namba moja ifute kwa sababu si kweli. Kutoka kwangu kuja kwenu kuna hospitali mbili njiani, na zote zinapasua nyongo. Nilizipita zote mbili huku nimejikunja kwa maumivu, na Mama Spana hakuniuliza kwa nini. Nilijua yuko kwenu, mama yake aliniambia tangu siku aliyoajiriwa. Siku ile mliponisukuma kuingia ndani nilikuwa naangalia macho yaliyo juu ya barakoa, mtu mmoja baada ya mwingine, nikimtafuta. Dawa ikanichukua kabla sijamwona.

Sasa naomba jambo moja tu. Unijulishe anatoka kazini saa ngapi, na kwa mlango upi. Nitasimama hapo Alhamisi. Usimwambie chochote, na usimlazimishe kusimama. Akipita, mwacheni apite. Nitakuja tena kesho yake.